Umemaliza dawa za TB na bado unakohoa? Uliza tena

Kuna mgonjwa ambaye amemeza dawa za kifua kikuu miezi sita bila kuruka hata siku moja. Kadi yake imejazwa alama zote. Makohozi yake yalipimwa mwanzoni na vijidudu havikuonekana, lakini picha ya kifua ilikuwa na kivuli, uzito umepungua na usiku anatoka jasho, kwa hiyo akaanzishiwa dawa. Sasa dozi imekwisha na bado anakohoa. Nyumbani wanamuuliza kama kweli alikuwa anameza au alikuwa anazitupa. Majirani wana majibu yao ya chini chini. Yeye mwenyewe ameanza kujitilia shaka.

Mgonjwa wa namna hii anaweza kuwa na TB sugu, pumu, ugonjwa wa moyo, saratani au vumbi la mgodini lililoganda kwenye mapafu. Lakini wapo wachache wenye ugonjwa ambao hata jina lake hawajawahi kulisikia: sarkoidosisi. Leo nataka kuutumia ugonjwa huu kusema jambo moja tu, kwa wagonjwa, kwa wazazi na kwa sisi tunaovaa koti jeupe. Mgonjwa asiyepata nafuu aaminiwe kwanza, kisha achunguzwe upya.

Kabla sijaendelea, onyo. Makala hii si ruhusa ya kuacha dawa za TB. Kama unazitumia, endelea nazo mpaka daktari wako aseme vinginevyo. TB huua, na dawa zake zinaponyesha.

Ugonjwa gani huu?

Sarkoidosisi ni hali ambayo askari wa kinga ya mwili hujikusanya na kutengeneza vinundu vidogo sana ndani ya viungo. Mara nyingi huanzia kwenye mapafu na tezi za kifuani, lakini vinaweza kuota kwenye macho, ngozi, ini, mishipa ya fahamu na hata moyo. Vikizidi, kiungo hushindwa kufanya kazi yake.

Madaktari waliuona zamani. Jonathan Hutchinson wa London aliuandika katika karne ya 19, na mwaka 1899 Caesar Boeck wa Norway akatumia neno lililozaa jina tunalotumia leo. Hadi sasa chanzo chake hakijajulikana. Kinachojulikana ni kwamba hauambukizi. Huwezi kuupata kwa kula sahani moja na mgonjwa, kulala naye chumba kimoja wala kunyonyesha. Hauletwi na uchawi, na si adhabu ya mtu yeyote.

Huko Marekani, watu weusi huugua zaidi kuliko weupe, na mara nyingi kwa ukali zaidi. Mchekeshaji maarufu Bernie Mac aliishi nao miaka mingi huku akichekesha mamilioni ya watu kwenye televisheni na sinema. Alifariki mwaka 2008, akiwa na miaka 50, kwa matatizo yaliyotokana na nimonia. Waliokuwa wakimwona jukwaani hawakuona ugonjwa. Hapo ndipo mateso ya wagonjwa hawa yalipo: kwa nje mtu anaonekana mzima.

Mgonjwa anahisi nini?

Chukua mfano wa mama mkulima wa Mwese, kwenye nyanda za juu za Wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi. Si mtu ninayemfahamu. Nimemjenga kutokana na yale ambayo wagonjwa wa sarkoidosisi hueleza.

Kinachoanza ni uchovu. Si ule wa kutoka shambani, ambao ukilala unaamka umekwisha. Huu anaamka nao. Analima mistari miwili ya maharage anakaa chini. Mume anaona uvivu umeingia. Mama mkwe anahisi ujauzito. Zahanati wanapima malaria na wingi wa damu, majibu ni mazuri, anapewa vidonge vya kuongeza damu na kurudi nyumbani.

Kisha kikohozi kikavu. Mwese kuna baridi, kwa hiyo kikohozi kina maelezo yake tayari. Lakini msimu wa baridi unapita na kikohozi kinabaki. Akipanda mlima na ndoo ya maji kichwani anapumua kwa shida, kifua kinabana, anasimama mara tatu njiani mahali ambapo mwaka jana hakusimama.

Halafu jicho linauma. Linakuwa jekundu, linaona ukungu, na mwanga wa asubuhi unamchoma. Anapewa dawa ya matone kama mtu mwenye macho mekundu ya kawaida. Baada ya wiki kadhaa miguu, mbele ya goli, inaota mabonge yenye maumivu. Kwenye ngozi nyeusi hayaonekani mekundu kama vitabu vya Ulaya vinavyochora. Yanaonekana kama madoa meusi, na mara nyingi mkono huyatambua kabla ya macho. Vifundo vya miguu vinavimba. Anapewa dawa ya maumivu.

Wapo wengine ambao pua au mashavu huota uvimbe mgumu, na wapo ambao makovu yao ya zamani, hata chale za utotoni, yanaanza kuinuka upya baada ya miaka ishirini. Mtu akiona chale zake zimevimba ghafla, ni rahisi sana kuamini kwamba kuna mkono wa mtu, na akaenda kwa mganga kabla ya kwenda kwa daktari. Kumbe ile ngozi ilikuwa inatoa taarifa ya bure.

Wengine mdomo huenda upande, au nyayo huwaka moto usiku. Wengine huwa na kiu isiyoisha na kukojoa mara kwa mara ingawa sukari yao ni ya kawaida, kwa sababu vile vinundu hupandisha kalsiamu kwenye damu. Baadaye hupata mawe kwenye figo. Na wachache moyo hudunda bila mpangilio, wakapata kizunguzungu au kuzimia. Huyu wa mwisho asisubiri kliniki ya wiki ijayo. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Sasa angalia yule mama wa Mwese. Uchovu ulikwenda zahanati, jicho likaenda kwa mtaalamu wa macho, miguu ikaenda duka la dawa, kifua kikaenda kliniki ya TB. Kila mmoja alitibu kipande chake. Mtu pekee aliyekuwa na habari nzima ni mgonjwa mwenyewe, na hakuna aliyemwomba aisimulie toka mwanzo.

Kwa nini hufananishwa na TB?

Kwa sababu vinafanana kweli. Kikohozi cha muda mrefu, kupungua uzito, homa za jioni, jasho la usiku, tezi zilizovimba na kivuli kwenye picha ya kifua, yote yanaweza kupatikana kwa TB na kwa sarkoidosisi. Hata kipande cha nyama kikiwekwa chini ya darubini, vinundu vya magonjwa haya mawili vinaweza kumchanganya mtaalamu.

Tanzania imo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa TB. Na tuna haki ya kujivunia tulichofanya. Mpango wetu wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma ulianza mwaka 1977, na kazi iliyofanyika hapa pamoja na Dkt. Karel Styblo ikawa mfano ulioigwa na nchi nyingi duniani. Dawa ni bure. Mhudumu akimwanzishia dawa mgonjwa ambaye makohozi hayakuonyesha vijidudu lakini dalili zote zipo, hajakosea. Miongozo inamruhusu, kwa kuwa kuchelewesha TB ni hatari.

Ajabu ni kwamba sarkoidosisi ya ngozi inaweza pia kufanana na ukoma. Yaani ugonjwa mmoja unajificha nyuma ya magonjwa yote mawili yaliyomo kwenye jina la mpango wetu wa taifa.

Kuna mtego mwingine. Sarkoidosisi ina tabia ya kupoa yenyewe. Mgonjwa akipoa wakati yuko kwenye mwezi wa nne wa dawa, sote tunasema dawa za TB zimefanya kazi. Mwaka unaofuata ugonjwa ukiamka tunasema TB imerudi, na anaanza dozi upya. Anaweza kuzunguka hivyo mara mbili au tatu, ini likibeba dawa ambazo halikuzihitaji, huku jicho likipoteza nuru polepole na mapafu yakipata makovu yasiyofutika.

Wazazi, angalieni haya

Kwa watoto ugonjwa huu ni adimu sana, lakini upo. Wakubwa kidogo huugua kama watu wazima: huchoka, hupungua uzito, hukohoa, huota tezi. Walio chini ya miaka mitano huweza kuugua kwa namna nyingine kabisa: vipele vya ngozi, viungo vilivyovimba na macho yenye matatizo, bila hata kukohoa.

Mtoto asiyejua kusema "naona ukungu" atasogelea daftari, atakwepa jua au atajikwaa mara kwa mara. Uvimbe mbele ya masikio unaofanana na matumbwitumbwi lakini hauishi baada ya wiki mbili unahitaji kuangaliwa. Goti lililovimba kwa wiki kadhaa bila kuanguka, nalo vilevile. Usikubali kuambiwa "anakua huyo, ataacha" kama moyo wako unakwambia mtoto amebadilika. Mzazi ndiye anayemjua mtoto wake alivyokuwa mwezi uliopita.

Wenzangu watasema nini?

Najua baadhi ya madaktari wenzangu watauliza: katika nchi yenye TB nyingi kiasi hiki, mhudumu wa kijijini atafute ugonjwa adimu wa nini? Hana hata mashine ya picha.

Hoja hiyo ina uzito, na mimi simtaki mhudumu wa Mwese aanze kuwinda sarkoidosisi. Ninachomwomba ni kidogo zaidi, na hakihitaji mashine. Matibabu ya TB tayari yana kituo cha kusimama: mwisho wa mwezi wa pili. Pale mgonjwa hupimwa tena. Basi kwa yule ambaye vijidudu havikuonekana tangu mwanzo, siku hiyo iwe ya maswali matatu. Uzito umeongezeka? Kikohozi na jasho vimepungua? Kuna sehemu nyingine ya mwili inayosumbua, hasa macho, ngozi, tezi na viungo? Majibu yakiwa hapana, hapana na ndiyo, faili hilo lisiendelee kimya kimya hadi mwezi wa sita.

Maswali hayo hayamsaidii mwenye sarkoidosisi peke yake. Yatamuibua pia mwenye TB sugu, mwenye saratani ya tezi na kijana aliyekuwa akichimba dhahabu kwenye machimbo madogo ya Katavi, ambaye mapafu yake yamejaa vumbi la mwamba. Hata asipopatikana mgonjwa hata mmoja wa sarkoidosisi, hakuna atakayekuwa amepoteza muda.

Pia tuache kumhukumu mgonjwa. Dawa zisipofanya kazi, neno la kwanza kutoka midomoni mwetu lisiwe "hukumeza". Linaweza kuwa kweli, lakini liwe swali la mwisho, na liulizwe kwa heshima. Mgonjwa aliyedhalilishwa mara moja harudi, na asiporudi hatutajua alikuwa na nini.

Safari ya kwenda kupata jibu

Sarkoidosisi haina kipimo kimoja cha damu kinachosema ndiyo au hapana. Daktari hukusanya ushahidi: picha ya kifua, uchunguzi wa macho, kipimo cha mapigo ya moyo, kalsiamu, figo na ini, na mara nyingi kipande kidogo cha nyama kutoka kwenye ngozi au tezi kinachokwenda maabara. Kisha huhakikisha si TB, si fangasi, si saratani. Ikiwezekana, kipande hicho kichukuliwe kwenye ngozi au tezi ya juu, kwa kuwa ni rahisi na salama zaidi kuliko kuingia kifuani.

Kwa mtu wa Mwese hiyo ni safari. Kwanza Mpanda, kwenye Hospitali ya Rufaa ya Mkoa. Bingwa anayehitajika akikosekana, ni basi la kupitia Sumbawanga na Tunduma hadi Hospitali ya Kanda Mbeya, au treni ya Tabora kuelekea Mwanza kwenye Hospitali ya Bugando. Nauli ya watu wawili, malazi, chakula, na shamba lililoachwa bila mtu. Wengi hupewa fomu ya rufaa na kuiweka chini ya godoro.

Hapa nina pendekezo. Vijiji vinavyotunza msitu wa Ntakata, Mwese kikiwemo, vimekuwa vikipata fedha za biashara ya hewa ukaa, na sehemu ya fedha hizo imekwenda kwenye huduma za afya. Majengo ni mazuri, na bima ni nzuri. Lakini bima hailipi nauli ya basi. Mkutano mkuu wa kijiji ungeweza kutenga fungu dogo la nauli za rufaa, kwa mgonjwa mwenye fomu iliyosainiwa na mganga wa kituo. Kijiji ambacho hakina msitu wa kuuza hewa kinaweza kuanza na vikoba. Jengo jipya la zahanati halimsaidii mtu ambaye jibu lake liko Mbeya.

Tiba ipo

Habari njema ni kwamba wengi hawahitaji dawa kali. Kwa wagonjwa wengi ugonjwa hupoa wenyewe ndani ya miaka miwili au mitatu, na daktari hufuatilia tu. Wanaohitaji tiba ni wale ambao macho, moyo, ubongo, figo au mapafu yako hatarini. Hao hupewa predinisoloni kwa miezi mingi, dozi ikipunguzwa taratibu, na wengine huongezewa dawa kama methotreksati, ambayo mama mjamzito hatakiwi kuitumia.

Predinisoloni ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu watu huinunua madukani bila cheti. Inatuliza karibu kila kitu kwa siku chache: kikohozi, vipele, viungo. Lakini ikitumiwa na mwenye TB ambaye hajagundulika, au mwenye minyoo fulani, huyaamsha maradhi hayo. Huongeza sukari na shinikizo la damu. Na ukiwa umeitumia kwa muda mrefu kisha ukaiacha ghafla, mwili unaweza kuzimika. Usiianze mwenyewe, na usiiache mwenyewe.

Vivyo hivyo, mwenye sarkoidosisi asinunue vidonge vya vitamini D au kalsiamu "vya kuimarisha mifupa" mpaka apimwe. Kwake vinaweza kuharibu figo.

Ufanye nini kesho asubuhi?

Chukua lile daftari lako la matibabu. Kwenye ukurasa mmoja andika, au mwombe mtoto anayesoma akuandikie, kila kilichokusumbua tangu ulipoanza kuugua, hata kama unaona hakihusiani: jicho la mwezi wa tatu, mabonge ya miguuni, chale zilizovimba, kiu, kizunguzungu. Weka tarehe kwa kukadiria. Andika dawa ulizotumia, pamoja na za dukani na za mitishamba, bila kuona haya. Tunza picha zako zote za kifua, hata za zamani, kwa kuwa daktari akizilinganisha huona kile ambacho picha moja haionyeshi.

Ukifika mbele ya daktari, uliza kwa adabu: "Daktari, vijidudu vya TB vilionekana kwenye vipimo vyangu? Kama havikuonekana na sipati nafuu, kinaweza kuwa nini kingine?" Hakuna daktari anayestahili koti lake atakayekasirishwa na swali hilo.

Na ninyi mnaoishi na mgonjwa, mrudishieni kikombe chake pamoja na vikombe vyenu pale daktari anaposema hauambukizi. Mpunguzieni jembe bila kumpunguzia heshima. Anaposema amechoka, mwamini. Mashine za kupima vitu vingi tunazo, lakini ya kupima uchovu haijatengenezwa bado. Hapo neno la mgonjwa ndilo kipimo.